Karata za taro juu ya Franco: namna ya kuzitengeneza, na ile moja inayosumbua

Tukipiga Franco kwenye kipindi cha muziki wa zamani, simu zinaingia mpaka tunashindwa kuzipokea zote. Safari hii mtu alikuja mwenyewe. Ni fundi mchoraji wa hapa Lubumbashi, ana kibanda upande wa Kamalondo, anachora mabango ya saluni na sura za watu wanaofunga ndoa. Alitoa ndani ya mfuko wa plastiki karata tatu ndefu, za rangi kali. Juu ya moja kulikuwa kijana na gita la mkebe. Juu ya nyingine, gari ndogo ya mgongo wa mviringo. Ya tatu aliifunika na mkono.

Nikamwambia: "Yaya, sasa umeingia mu uchawi?" Nilikuwa natania. Yeye hakucheka, juu ya hilo ndilo neno alilokuwa amekwisha kuambiwa na jirani zake watatu.

Tangu tuitaje kazi yake hewani, wasikilizaji wanauliza taro ni kitu gani, na kama mtu anaweza kweli kuitengeneza juu ya mwanamuziki anayempenda. Inawezekana. Lakini kuna mambo ya kujua mbele ya kushika pinseli, na kwa Franco kuna jambo moja ambalo mchoraji wa Paris hatalikuta.

Mchezo kwanza, bahati baadaye

Taro ni karata 78. Kati yao, 22 ni karata kubwa: kila moja ina picha yake na jina lake, kama Mfalme, Jua, Haki, Dunia. Zinazobaki 56 ni ndogo, nazo zimegawanyika makundi manne ya karata 14, karibu sawa na karte tunazozijua, ila kila kundi lina mtu mmoja zaidi: mtumishi, mpanda farasi, malkia na mfalme. Makundi yenyewe ni fimbo, vikombe, panga na sarafu.

Zilianza Italia ya kaskazini, katikati ya miaka ya 1400, kwenye nyumba za watu wakubwa wa miji kama Milano na Ferrara. Walikuwa wanazicheza tu. Wafaransa hata leo wanacheza taro mezani, wanahesabu pointi, wanagombana, wanaagiza kinywaji. Habari ya kusoma bahati ilishika nguvu baadaye sana. Mwaka 1781, kule Paris, Antoine Court de Gébelin aliandika kwamba karata hizi ni kitabu cha siri cha makuhani wa Misri ya zamani. Wakati ule hakuna mtu Ulaya aliyejua kusoma maandishi ya Misri. Champollion alikuja kuyafungua mwaka 1822. Lakini hadithi ilikuwa tamu, watu wakaibeba, na waaguzi wakapata kazi.

Kwa mchoraji, mwaka mkubwa ni 1909. Kule London, Arthur Edward Waite alimpa mwanamke mchoraji, Pamela Colman Smith, kazi ya kuchora karata zote. Mbele yake, karata ndogo nyingi zilikuwa zinaonyesha alama tu: vikombe vitano, basi. Yeye akatia watu ndani ya kila moja, wanaolia, wanaosafiri, wanaogawana pesa. Tangu hapo wasanii walielewa kwamba taro ni nyumba yenye vyumba 78, na kila mtu anaweza kuingiza humo watu wake. Salvador Dalí alitoa ya kwake mwaka 1984. Kuna pia ile inayoitwa Starman Tarot, ya Davide De Angelis, mchoraji aliyefanya kazi na David Bowie. Fundi wetu hakumjua Bowie. Alijua Franco, na alijua kwamba Franco peke yake anajaza vyumba 78 na wengine wanabaki inje.

Kutafuta karata ndani ya maisha ya mtu

Kosa la kwanza la watu wengi ni kuchora sura ya mwanamuziki mara 22: Franco amevaa taji, Franco na mabawa, Franco juu ya mwezi. Hiyo ni kalenda, haiwezi kuwa taro. Taro inataka kila picha iwe na swali lake. Kwa hiyo njia nzuri ni kuweka karata za zamani mezani (fundi wetu alitumia zile za Marseille, juu ya majina yake yako kwa kifaransa) na kujiuliza kwa kila moja: hii picha, wapi niliiona ndani ya maisha yake ao ndani ya nyimbo zake?

Tuchukue karata ya I. Wafaransa wanaiita Bateleur. Ni mtu wa kiini macho sokoni, anasimama mbele ya meza yenye vitu vidogo vidogo. Wengine waliifanya kuwa mganga mkubwa, na kwa sababu Franco aliitwa "mchawi wa gita", karibu kila mtu anakimbilia kumweka pale na moshi na macho mekundu. Usifanye hivyo. Angalia ile meza. Luambo Makiadi alizaliwa tarehe 6 mwezi wa 7, 1938, kule Sona Bata, akakomalia Kinshasa. Mama yake, Mama Makiese, alikuwa anauza mikate sokoni Ngiri-Ngiri, ile tunayoita huku vitumbua. Mtoto alijitengenezea gita na mkebe na nyuzi za umeme zilizochunwa, na akawa anapiga pembeni ya meza ya mama ili wanunuzi wasimame. Meza ipo, soko lipo, kijana anayefanya watu wasimame yupo. Ni Bateleur kamili, bila moshi hata kidogo. Na karata ya III, Malkia Mkuu, ni mama mwenyewe nyuma ya kikaango. Fundi alichora hizi mbili zikiwekwa pamoja meza inaendelea kutoka moja mpaka nyingine. Hapo nilikaa kimya kidogo.

Nyingine zinakuja zenyewe. Karata ya VI, ya Wapendanao, kwenye taro ya Marseille inaonyesha mwanaume mmoja katikati ya wanawake wawili. Mtu aliyeishi Kongo mwaka 1985 hahitaji maelezo: ni Mario, kijana mwenye diplome anayelishwa na mwanamke aliyemzidi umri na mfuko. Karata ya VII, Gari la vita, ndiyo ile gari ya mgongo wa mviringo: Volkswagen, juu ya wimbo Azda wa miaka ya 1970, ambao ulikuwa matangazo ya muuza magari na watu wakaucheza kama wimbo wa mapendo. Karata ya XIX, Jua, ina watu wawili wadogo wanashikana chini ya mwanga. Kwa miaka mingi mashabiki waligawanyika, huku Franco, kule Tabu Ley Rochereau. Mwaka 1983 wawili hao wakatoa pamoja Lisanga ya Banganga, ni kusema mkutano wa waganga. Wanashikana chini ya jua, basi.

Karata ya Hukumu, ile ya XX, ina malaika na tarumbeta, anaita watu waamke. Fundi aliweka pale pembe za OK Jazz na mwaka 1987, mwaka wa Attention na Sida. Watu walitaka ule ugonjwa uwekwe kwenye karata ya Shetani. Alikataa, na mimi niko upande wake: ukichora ugonjwa kama shetani, mgonjwa anakuwa nani? Juu ya ugonjwa wa Franco mwenyewe, aliyekufa Ubelgiji tarehe 12 mwezi wa 10, 1989, mitaa ilisema mengi. Uvumi usiupe karata.

Haki (ya VIII kwa Marseille, ya XI kwa wale wanaofuata London) ni mwaka 1978, alipofungwa kwa nyimbo Hélène na Jacky, zilizohesabiwa kuwa za aibu. Na Mfalme? Mfalme ni Mobutu, hakuna njia ya kuzunguka. Franco alifungwa chini yake na alimwimbia kampeni mwaka 1984. Karata nzuri inaweka yote mawili. Fundi alichora kofia ya chui juu ya kiti, bila kichwa ndani, na chini ya kiti gita limeegemea. Kama limewekwa pale kwa heshima ao limenyang'anywa, kila mtu atasoma mwenyewe.

Karata ya XII

Ile aliyokuwa ameifunika na mkono ni Pendu, Mtu aliyetundikwa.

Tarehe 2 mwezi wa 6, 1966, siku za Pentekoste, watu wanne walinyongwa Kinshasa mbele ya umati mkubwa: Évariste Kimba, Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba. Walishitakiwa kutaka kumpindua Mobutu, ambaye alikuwa na miezi sita tu kwenye kiti. Kimba alikuwa mtu wa Katanga, na alikuwa ameitwa kuwa waziri wa kwanza mwaka uliotangulia. Stade des Martyrs ya Kinshasa inabeba jina hilo juu yao. Baada ya mauaji, Franco alitoa Luvumbu Ndoki, wimbo uliosimama juu ya hadithi ya Kikongo ya mchawi anayemaliza watu wa nyumba yake. Serikali ikaona kwamba inasemwa yenyewe, disiki zikakamatwa, na Franco akavuka mto kukaa Brazzaville kwa muda.

Unaona kwa nini fundi alishikwa. Taro ina karata ya mtu aliyetundikwa, na Franco ana wimbo unaozungukia watu waliotundikwa. Inaingia kama ufunguo. Alichora kamba nne, miili minne, na chini kabisa mtu mmoja mnene na gita, ametoa mgongo kwa umati. Kama picha, ilikuwa yenye nguvu kupita zote. Hapa kwetu tuna desturi ya kuchora historia bila woga: miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya nchi, picha karibu mia moja, na hakuruka vifo. Fundi aliniambia anafuata njia hiyo.

Tulimwonyesha papa mmoja wa mtaa, mustaafu wa reli, mpenzi wa OK Jazz tangu ujana. Aliangalia zote na kicheko mpaka kufika pale. Akairudisha kifudifudi.

"Mwanangu, mi nilikuwa na miaka kumi na mbili. Ni radio njo ilitwambia. Bale bantu beko na batoto, na batoto bao beko bazima. Utatia baba ya mutu mu karte, bantu bachezeshe?"

Fundi akajibu kwamba Tshibumba pia alichora. Papa akasema picha ya ukutani unasimama mbele yake, karte unaichanganya na mikono na kuipiga juu ya meza. Sikuwahi kusikia mtu anaeleza tofauti ya kazi hizo mbili vizuri hivi, na papa hajaingia akademia yoyote.

Nilipotafuta asili ya karata hiyo nilikuta sababu nyingine, mbaya zaidi. Ukiangalia vizuri, Pendu hanyongwi. Ametundikwa na mguu mmoja, kichwa chini, uso umetulia. Kwenye miji ya Italia ya zamani walikuwa wanachora hivyo ukutani watu walioitwa wasaliti, hata kama hawajashikwa, ili kuwatia aibu. Kwa Kiitalia cha wakati ule karata yenyewe iliitwa Msaliti. Sasa fikiri: serikali ya 1966 iliwaita wale wanne wasaliti. Kuwaweka kwenye karata ya XII ni kurudilia ile hukumu, hata kama mchoraji anawalilia. Mtu wa Milano wa mwaka 1450 angeangalia karata ya fundi wetu na kusema: ndiyo, wasaliti wanne.

Fundi alikasirika siku mbili. Kisha akarudi na mchoro wa penseli: gita limetundikwa kwenye msumari na mkanda wake, shingo chini, nyuzi zote ziko. Nyuma yake mto mpana, na ng'ambo taa chache. Ni Franco wa Brazzaville, anayengoja. Wasomaji wa taro wanasema Pendu ni karata ya kusimamishwa, ya mtu asiyeweza kwenda mbele wala kurudi, kwa hiyo hata wao wataitambua. Papa aliishika ile kwa muda, akaomba tu mto uwe na maji mengi zaidi, kwa sababu pale Kinshasa hauvukwi kwa jicho namna hiyo.

Ukitaka kuchagua tofauti, ni haki yako. Lakini fahamu unachorudilia.

Karata ya XIII ni ndugu ya hiyo. Kwa Marseille haina jina lililoandikwa, ni mifupa na mundu tu. Mdogo wa Franco, Bavon Marie-Marie, mpiga gita wa Négro Succès, alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1970, na mitaani watu wakasema kaka yake ndiye aliyemtoa. Nchi yetu inajua neno kama hilo linafanya nini. Leo hii kuna watoto wanaofukuzwa nyumbani juu yake. Franco alilia na wimbo, Kinsiona. Fundi alichora viti viwili jukwaani, kimoja kitupu, na akaacha nafasi ya jina wazi kama Marseille walivyoiacha.

Karata ndogo

Makundi manne hayana shida. Fimbo zinakuwa magita. Vikombe vinakuwa glasi, juu OK Jazz yenyewe ilizaliwa kwenye baa, tarehe 6 mwezi wa 6, 1956, ile baa ya Oscar Kashama iliyotoa herufi O na K. Sarafu zinakuwa makuta. Likuta lilikuwa pesa ya kweli tangu 1967, na sisi neno tumelibakisha. Panga zinakuwa mikro, kwa sababu Franco alikata watu na maneno kupita mtu yeyote wa wakati wake. Wafalme na wapanda farasi wako tele: Simaro Lutumba ni mfalme wa glasi, mtu wa maneno ya kufikiri, Madilu System wa mikro, Verckys na saksofoni yake anaweza kuwa mpanda farasi, juu alitoka mapema akaenda kujitawala. Malkia ndio kazi ngumu, OK Jazz ilikuwa orkestra ya wanaume. Tafuta wanawake ndani ya nyimbo: Mamou, na wale wengine wote waliojibishana naye. Chunga tu usirudilie matusi yote aliyowatupia. Mengine hayakuzeeka vizuri.

Karatasi, vipimo na haki

Kipimo cha kawaida ni milimita 70 kwa 120. Ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa, inakuwa 76 kwa 126. Kwenye karatasi ya A4 zinaingia 4 tu, na utatumia karatasi 20. Kwenye A3 iliyolazwa zinaingia 10, kwa hiyo karatasi 8 zinatosha na nafasi mbili zinabaki: moja ya jina la kazi, moja ya maelezo. Ukichora kwenye kompyuta, kila karata iwe na nukta 898 kwa 1488 ili itoke safi. Omba karatasi ya gramu 300 ao 350. Usikate na makasi. Karata zisizolingana zitajulikana hata zikiwa kifudifudi. Na mgongo wa karata uwe sawa ukiigeuza juu chini, kama sivyo mtu atajua ipi imegeuka.

Anza na zile 22. Ni taro kamili kwa watu wengi, na kwa A3 ni karatasi tatu.

Seti moja ya nyumbani haina shida na mtu. Kuuza ni mambo mengine. Kongo ina sheria ya haki za watunzi tangu mwaka 1986, na kazi ya mtunzi inalindwa angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa Franco, mpaka mwisho wa 2039. Kwa hiyo usiandike maneno ya nyimbo kwenye karata, hata mstari mmoja. Usikopi picha ya fotografa mmoja. Angalia nyingi, kisha chora kichwa chako. Usikopi mapambo ya disiki. Na mbele ya kupeleka sokoni, ulizia SOCODA na uone familia. Jina la mzee linauza, na wenye jina wapo.

Fundi amemaliza karata 14 kati ya 22. Ya Mwezi anataka kuweka mamba muntu, kama wachoraji wa Lubumbashi walivyozoea, lakini hajapata uhusiano wake na Franco na hataki kuitia bure. Anayejua wimbo unaofaa atupigie simu wakati wa kipindi.